Kabla Hujanunua "Vitamini ya Kushusha Sukari": Mwongozo Kamili Kutoka Kaunta ya Famasi, Lubumbashi

Mteja wa kwanza wa siku huwa ananikuta bado nafuta vumbi jekundu kwenye kaunta. "Mama, unipatie ile vitamini ya kushusha sukari." Namuuliza ile ipi. Jina halijui. Jirani yake anaitumia, kopo ni la kijani. Yeye mwenyewe muuzaji alimshikisha kifimbo cha chuma, mashine ikatoa karatasi nane zinazosema amepungukiwa zinki, kromiamu, magnesiamu na seleniamu. Karatasi nane, na hata tone moja la damu halikutoka.

Nimesimama nyuma ya kaunta hii ya mtaa wa Katuba miaka kumi na moja. Sijawahi kuuza vitamini ya kushusha sukari, kwa sababu haipo. Kilichopo ni hiki: sukari ikikaa juu muda mrefu, mwili unapoteza baadhi ya madini kwenye mkojo, baadhi ya dawa tunazokunywa nazo zinapunguza vitamini, na upungufu ukishaingia, sukari inazidi kuwa kaidi au miguu inaanza kufa ganzi. Ukiziba pengo lililopo kweli, utaona faida. Ukiongeza mahali palipojaa, utakojoa pesa zako, na mara nyingine utajiumiza. Basi kabla ya kuuliza unywe nini, uliza umepungukiwa nini, na umejuaje.

Mpangilio ninaowapa watu wangu ndio huu. Ufuate kwa zamu.

Hatua ya 1: Pima sukari kwa namna isiyokudanganya

Hapa kwetu labo na mashine nyingi zinaandika mg/dl. Asubuhi kabla ya kula, mtu asiye na kisukari huwa chini ya 100. Ikifika 126 au zaidi, tena kwa vipimo viwili vya siku tofauti, hicho ni kisukari. Kwa anayetumia dawa tayari, wengi hulenga 80 hadi 130 kabla ya kula, na chini ya 180 saa mbili baada ya kuanza kula. Daktari anaweza kukuwekea lengo jingine, hasa ukiwa mzee au mjamzito. Chini ya 70, sukari imeshuka mno.

Angalia kipimo kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliletewa mashine na mwanawe kutoka Ndola. Akapima, ikaonyesha 9. Akakimbilia maji ya sukari, vijiko vitano, akidhani anakufa. Mashine za Zambia husoma kwa mmol/l: unazidisha mara 18. Tisa yake ilikuwa 162. Tulicheka baadaye, si siku ile.

Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukauke vizuri. Msimu wa maembe hili nalisema kila siku: kidole kilichomenya embe kinatoa namba ya embe, na kupangusa kwa alkoli peke yake hakutoshi. Bandeleti, yaani vile vijiti vya kupimia, zikae ndani ya kikopo chake kilichofungwa, mbali na jiko na mbali na friji. Ukizimwaga kwenye mfuko wa nailoni zinyonye unyevu, namba zake usiziamini.

Sasa nunua daftari la wanafunzi. Kwa wiki mbili andika namba ya asubuhi, na namba ya saa mbili baada ya mlo mmoja wa siku: leo wa asubuhi, kesho wa mchana, keshokutwa wa jioni. Pembeni andika ulichokula. Katika wiki hizo usianze kidonge chochote kipya cha vitamini, vinginevyo hutajua nini kilibadilisha nini.

Hatua ya 2: Jua kama damu yako yenyewe inapotosha kipimo cha miezi mitatu

Kuna kipimo cha labo kinachoitwa hemoglobini A1c. Kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kwa sababu chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120 na sukari huigandia kidogo kidogo. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari.

Hapa ndipo madini yanapoanza kuingia, na watu wengi hawaambiwi. Ukiwa na upungufu wa chuma, chembe zako za damu huzeeka zaidi mwilini, na A1c inaweza kupanda bila sukari kupanda. Ukianza kutumia vidonge vya chuma, chembe changa zinazaliwa kwa wingi na A1c inashuka, nawe unasifu kopo la kijani ulilokuwa ukilinywa wakati huohuo. Kinyume chake, mwenye selimundu, yaani SS, au aliyetoka kwenye malaria iliyomharibia damu, au aliyeongezewa damu juzi, anaweza kupata A1c nzuri wakati sukari yake ni mbaya. Katika mji kama wetu hayo si mambo ya nadra. Ukienda kupima A1c, omba na kipimo cha wingi wa damu siku hiyohiyo. Namba hizo mbili zisomwe pamoja, na zilinganishwe na daftari. Daftari likisema 200 kila asubuhi na A1c ikasema mambo shwari, amini daftari na umrudie daktari.

Hatua ya 3: Mwaga dawa zote mezani

Zote, hata za presha, hata za tumbo, hata ya mizizi aliyokupa shemeji. Tafuta hasa majina manne. Metformini hupunguza vitamini B12. Omeprazoli, ile ya kiungulia ambayo watu huinywa miaka bila kuandikiwa, hupunguza B12 na magnesiamu. Furosemidi na hidroklorotiazidi, za kukojoza, hutoa magnesiamu na potasiamu. Andika kila moja, kiasi chake na umeanza mwaka gani. Mwaka una uzito kuliko unavyodhani, kama utakavyoona.

Hatua ya 4: B12, metformini na miguu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Mama yangu mzazi alikuwa na mwaka wa sita kwenye metformini alipoanza kupoteza kandambili. Sisemi kuzisahau: zilikuwa zinamtoka mguuni akitembea uani, anaendelea na mguu mtupu, hajui mpaka mtu amwambie. Usiku alisema siafu wanamtambaa kwenye nyayo. Nikajua, au nikadhani najua: sukari imekula mishipa ya fahamu. Nikamchukulia kabatini vile vidonge vya B1, B6 na B12 vilivyochanganywa, tunavyouza kila siku kwa watu wa ganzi, akawa anakunywa viwili kwa siku. Miezi minane. Siafu wakaongezeka.

Daktari mmoja kijana aligeuza kopo akanionyesha mstari ambao macho yangu yalikuwa yameupita mara elfu: B6, miligramu 200 kwa kidonge. Mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 2 kwa siku. B6 nyingi kwa muda mrefu husababisha ganzi na kuwaka miguuni, ugonjwa uleule tuliokuwa tukiutibu. Na B12 ndani ya kidonge hicho ilikuwa mikrogramu 200 tu. Damu yake ilipopimwa, B12 ilikuwa chini ya pikogramu 200 kwa mililita, ambao ni upungufu usio na ubishi. Akachomwa sindano za B12, B6 ikasimamishwa. Ulimi uliokuwa umekuwa laini na mwekundu ulipona katika wiki chache. Nyayo zilichukua karibu mwaka, na vidole viwili vya mguu wa kushoto havijarudi mpaka leo.

Fanya hivi, basi.

Kwanza, jipime miguu. Lala, funga macho, mtu akuguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi kama anagusa manyoya, sekunde moja au mbili, bila kusukuma: dole gumba, kidole cha kati na kidole kidogo cha kila mguu. Ni miguso sita. Kila unapoguswa useme "ndiyo". Ukikosa miwili au zaidi, miguu yako iko hatarini na inahitaji kuonwa na daktari mwezi huu, usisubiri mwakani.

Pili, kama una miaka minne au zaidi kwenye metformini, au una ganzi, au damu pungufu isiyoeleweka, au huli nyama, samaki wala mayai, omba kipimo cha B12. Ini huhifadhi akiba ya miaka, ndiyo maana upungufu huchelewa kujionyesha na mtu huapa kwamba dawa haijawahi kumsumbua.

Tatu, ukikutwa na upungufu, daktari atachagua sindano au vidonge vya mikrogramu 1000 kwa siku. Vidonge hivyo vikubwa hufanya kazi hata kwa anayetumia metformini, kwa sababu sehemu ndogo, kama asilimia 1, hupita utumboni bila kutegemea njia ya kawaida inayozuiwa na metformini. Chagua kopo lenye B12 peke yake. Kama kipimo kimekushinda bei, mweleze daktari dalili na idadi ya miaka, aamue mwenyewe kama atakuanzishia.

Nne, usimeze asidi foliki nyingi kutibu "damu chache" kabla ya kujua B12 yako. Foliki inaweza kurekebisha damu ikaonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Na usiache metformini kwa sababu ya haya. Dawa ni nzuri, tena ni ya bei nafuu. Inadai uangalizi tu.

Kwa upande wa chakula, B12 iko kwa wanyama pekee: maini, mayai, maziwa, samaki. Ndakala, wale samaki wadogo wakavu wanaoliwa na kichwa na mifupa, ndio B12 ya mwenye mfuko mwepesi. Sombe, yaani majani ya muhogo, haina, lengalenga haina, maharagi hayana.

Sisi wa Lubumbashi tuna jambo la kushangaa hapa. Katikati ya kila molekyuli ya B12 imekaa chembe moja ya kobalti, madini yaleyale yanayopita barabarani kwenye malori. Watu wananiuliza kwa utani kama vumbi la mgodi si vitamini. Si vitamini. Ni vijidudu pekee vinavyojua kuifunga kobalti ndani ya B12. Sisi tunaipata kupitia wanyama. Kobalti ya vumbi ni sumu tunayoibeba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 kwamba mkojo wa watu wanaoishi jirani na migodi ya Katanga una kobalti ya kupindukia. Nawa mboga, funika chakula.

Hatua ya 5: Magnesiamu, na chakula kitangulie

Insulini hufungua mlango wa seli sukari iingie, na utaratibu wa kufungua kitasa hicho unahitaji magnesiamu. Sukari ikiwa juu, unakojoa sana. Ukikojoa sana, magnesiamu inatoka. Ikipungua, kitasa kinakuwa kigumu, sukari inapanda tena. Huo ndio mzunguko, na ndiyo sababu magnesiamu ni madini pekee kwenye karatasi zile nane ambayo naweza kuyazungumzia kwa uzito. Dalili zake ni misuli kukakamaa usiku, kutetemeka, moyo kudunda ovyo. Lakini hata kipimo cha damu hakisemi yote, kwa sababu chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo iliyo kwenye maji ya damu. Kikiwa chini, una upungufu kweli. Kikiwa sawa, huenda bado unao.

Mwanamke mzima anahitaji kama miligramu 320 kwa siku, mwanamume kama 420. Soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, linakupatia hizo bila kopo. Kiganja cha mbika zilizokaangwa, gramu 30 hivi za mbegu za boga, kina takriban miligramu 160. Karanga kiasi hichohicho, 50. Nusu kikombe cha maharagi yaliyoiva, 60 hivi. Mboga za majani zote za kijani kibichi zina sehemu yake: matembele, lengalenga, sombe.

Na sasa bukari, yaani ugali. Unga mweupe laini unaouzwa umekobolewa. Pumba na kiini vimekwenda kwa nguruwe, na magnesiamu imekwenda navyo. Gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa zina takriban miligramu 127. Uliokobolewa, kama 32. Ukipeleka mahindi yako kwenye mashine ya mtaa na kumwambia asage bila kukoboa, umefanya zaidi ya kidonge. Bukari yake ni ya kijivujivu kidogo na watoto watanuna siku mbili tatu. Ila tusidanganyane: bukari isiyokobolewa nayo inapandisha sukari. Kanuni yangu ni hii: mboga ijaze nusu ya sahani, samaki au maharagi robo, bukari robo iliyobaki. Pima saa mbili baadaye, andika, kesho linganisha.

Ukihitaji kidonge, anza na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Figo zikiwa dhaifu, magnesiamu inajazana mwilini na inaweza kusimamisha moyo; na wenye kisukari ndio wenye figo za mashaka. Figo zikiwa salama, usipite miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye vidonge bila daktari. Angalia pia kopo linahesabu nini. "Oksidi ya magnesiamu miligramu 400" si magnesiamu miligramu 400. Magnesiamu yenyewe humo ni kama 240, na tumbo huiharisha kabla haijaingia. Ukiharisha, punguza.

Hatua ya 6: Zinki

Kongosho huhifadhi insulini ikiwa imefungwa sita sita kuzunguka chembe za zinki. Aliyetuonyesha umbo hilo mwaka 1969 ni Dorothy Hodgkin wa Oxford, mwanamke yuleyule aliyefumbua umbo la B12 na kobalti yake miaka ya 1950 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1964. Napenda kulikumbuka hilo nikiwa nimeshika kopo mkono huu na bomba la insulini mkono ule.

Lakini zinki kuhitajika kwenye kongosho hakumaanishi kwamba kumeza zinki kutakushushia sukari. Mtu mzima anahitaji miligramu 8 hadi 11. Wanaokula bukari na maharagi kila siku wanaweza kuipata pungufu, kwa sababu nafaka na kunde zina fitati, kitu kinachoishika zinki isipenye. Dawa yake ni ya jikoni: loweka maharagi usiku kucha na umwage maji yake, chachusha unga wa uji siku mbili. Nyama, ndakala na vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, vinaongeza zinki. Vidonge vya miligramu 50 kila siku kwa miezi, kama ninavyowaona watu wakinunua, vinazuia shaba isiingie mwilini, na shaba ikikosekana damu inapungua na miguu inakufa ganzi. Kukosa shaba, ukiwa Lubumbashi!

Hatua ya 7: Haya yaache dukani

Kromiamu. Sifa yake ilianza mwaka 1959 kwa panya, ikakua mwaka 1977 Toronto, kwa mgonjwa aliyekuwa analishwa kwa mshipa tu miaka zaidi ya mitatu: walipomwongezea kromiamu, sukari yake ilitulia. Wewe hulishwi kwa mshipa. Mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi ikasema hakuna hakika hata kwamba mwili unaihitaji. Bei ya kopo moja utapata bandeleti za kutosha.

Seleniamu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, waliokunywa mikrogramu 200 kwa siku kwa miaka walipata kisukari zaidi kuliko waliokunywa kidonge kitupu. Nadhani hilo linatosha.

Vitamini D, kwa nia ya kuzuia kisukari: mwaka 2019 watu 2,423 Marekani waligawanywa, nusu wakapewa UI (vizio vya kimataifa) 4000 kila siku, na tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Kwa mifupa ya mwenye upungufu, sawa.

Niasini, yaani B3, kwa dozi kubwa hupandisha sukari. Chuma bila kipimo cha damu usikinywe, kwa sababu kikizidi kinajilimbikiza hadi kwenye kongosho. Chumvi mbadala zenye potasiamu ziogope kama una figo mbovu au unatumia dawa za presha zinazoishia na "-prili".

Halafu vidonge vya "asili" visivyo na orodha. Kama kimoja kimekushushia sukari kwa kasi, usishangilie. Katika nchi mbalimbali vidonge vya namna hiyo vimekutwa vimechanganywa kwa siri glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, na watu wamezimia.

Hatua ya 8: Soma kopo, chunguza na serumu

Kwenye makopo yetu tafuta neno "saccharose" au "sucre". Sharubati nyingi za vitamini ni sukari yenye rangi, na vidonge vya vitamini C vya kutafuna navyo ni hivyohivyo. Vile vinavyochemka kwenye maji mara nyingi vina sodiamu nyingi; mwenye presha avikwepe. Usichanganye mg na µg: miligramu moja ni mikrogramu 1000.

Lakini linaloniudhi zaidi ni serumu ya njano, ile dripu. Mtu amechoka, anaenda kituo cha afya, anatundikiwa chupa, wanaingiza ndani ampuli za B na C, maji yanakuwa ya njano kama mafuta, anaambiwa hiyo ni nguvu. Jirani yetu, mwenye kisukari, alitundikiwa chupa mbili kwenye kituo ambacho sitakitaja. Aliingia na 190, akatoka na 340. Hakuna aliyetazama maandishi ya chupa: glukosi asilimia 5. Nusu lita ya glukosi hiyo ni gramu 25 za sukari, vijiko sita vya chai, moja kwa moja mshipani. Ukiwa na akili zako, muulize muuguzi kwa heshima: "Dada, chupa hii ni glukosi ama ni ya chumvi?" Kuna wakati glukosi ni dawa ya lazima, sukari ikiwa imeshuka au kwenye malaria kali. Uchovu wa kawaida si wakati huo. Kwa mnywaji wa lutuku wa siku nyingi kuna hatari nyingine tena: glukosi bila B1 kutangulia inaweza kumharibia ubongo, kwa hiyo mwambieni daktari ukweli kuhusu pombe.

Vitamini C nyingi, hasa ya kuchomwa mshipani, inaweza pia kuidanganya mashine ya kupimia ikasoma juu kuliko ukweli, mtu akajiongezea insulini ya bure. Uliyetundikiwa, usirekebishe dozi kwa mashine ya kidoleni siku hiyo. Damu iende labo.

Hatua ya 9: Jaribu kitu kimoja, miezi mitatu

Umepata upungufu uliothibitishwa? Anza na kimoja. Andika tarehe. Magnesiamu, zinki, chuma na kalisiamu viwe mbali na doksisiklini au siprofloksasini kwa saa mbili au zaidi, na mbali na dawa ya tezi kwa saa nne, vinginevyo dawa haipenyi. Chuma usikinywe na chai. Baada ya miezi mitatu rudia vipimo vilevile, labo ileile, na wiki mbili za daftari. Kama hakuna kilichosogea, acha. Dozi ya dawa ya sukari ibadilishwe na daktari peke yake, na insulini isikatwe hata siku moja kwa ajili ya kopo.

Wakati wa kufunga ukurasa huu na kukimbia

Jasho la ghafla, kutetemeka, kuchanganyikiwa, namba chini ya 70: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Aliyepoteza fahamu usimwekee kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Sukari juu ya 300 pamoja na kutapika, kupumua kwa nguvu, pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno au usingizi usio wa kawaida: hospitali, usiku uleule. Kidonda cha mguuni, hata kisichouma. Hasa kisichouma.

Yule wa karatasi nane alirudi baada ya wiki mbili. Hakuwa amenunua kopo la kijani. Alikuwa amenunua daftari, la kurasa 48, lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. Tulilifungua kwenye kaunta. Asubuhi zake zilikuwa kati ya 130 na 150, si mbaya, ila Jumapili zote mbili jioni zilikuwa zimeruka hadi 260. Nikamuuliza Jumapili huwa kuna nini. Akakuna kichwa.

"Ni munkoyo tunaokunywa, Mama. Wageni wakija, mke wangu anaongeza sukari."

"Kiasi gani?"

Akanionyesha kwa mkono wazi, halafu kwa mikono miwili.